Kilo Mbili za Koti

Siku mliyoniandalia chai ya kuniaga pale kliniki, muuguzi mwenzenu Njoki alinishika mkono akaniambia niandike niliyoyaona kazini kabla sijaanza kuyasahau. Akaongeza: "Lakini Guka, mambo ya vyeo tuachie." Ananiita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, ingawa mimi ni Mkamba na yeye anajua vizuri. Nimekubali vyote viwili, jina na sharti. Vyeo vyenyewe havikuwa vingi, na vilivyokuwepo havingejaza ukurasa.

Naandika nikiwa nyumbani Komarock, asubuhi, baada ya sala na uji. Kwa miaka mingi saa kama hii nilikuwa nimeshavaa koti jeupe na kuhesabu akina mama walioketi kwenye benchi. Sasa nahesabu nguo za jirani kwenye kamba. Namshukuru Mungu kwa yote, ila benchi lile nalikumbuka zaidi.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika kliniki ya mama na mtoto kule mtaa wa Jericho, Nairobi. Nilifika siku ya kwanza na viatu vinavyong'aa na cheti ndani ya bahasha. Mkubwa wetu alikuwa Sista Ruth, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Bahasha hakuifungua. Alinisimamisha mbele ya mizani ya kuning'inia, ile ya duara yenye mshale na ndoano, akaniuliza inasoma ngapi. Nikasema sifuri. Akaniambia nisiisome nikiwa upande, nisimame mbele yake sawasawa. Ilikuwa inasoma gramu mia mbili, na mtoto hakuwepo.

"Hizo gramu mia mbili," akasema, "ni mtoto mgonjwa uliyemwambia mama yake yuko sawa."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuja na baridi ya Julai. Akina mama waliwaleta watoto wakiwa wamefungwa kama mizigo ya safari: kofia ya mavin ya sufu, sweta mbili, soksi za baba, na blanketi juu. Sista Ruth alivua kila kitu. Kuna mama alimwambia mtoto atashikwa na nimonia. Sista akamjibu, "Akishikwa, nipo hapa. Vua." Mimi nilimhurumia yule mama. Walipoondoka nikapendekeza kwamba siku za baridi tungewapima na nguo, kisha tutoe nusu kilo. Sista Ruth alinitazama juu ya miwani. Akasema, "Ukishaanza kukisia nguo, utakisia na mtoto."

Nilikaa naye miaka mitano. Nilijifunza kufuta mizani kwa kitambaa kikavu, kuikagua kila asubuhi kwa mtungi wa maji wa lita ishirini, na kuandika namba kabla sijazungumza na mtu, kwa sababu namba huponyoka haraka kuliko jina. Nilijifunza pia kunywa chai ya Sista Ruth, ambayo ilikuwa na tangawizi ya kumfufua mtu. Jumapili nilikuwa shemasi kanisani, Jumatatu nilikuwa mtu wa mizani. Sikuona tofauti kubwa, na hata leo siioni.

Mwaka wangu wa sita lilikuja shirika moja la misaada, ambalo sitalitaja, likitafuta wauguzi wa kwenda nchi jirani iliyokuwa vitani. Nchi nayo sitaitaja. Kazi ilikuwa kuangalia afya ya watu waliotekwa katika mapigano. Serikali ya huko ilikuwa imetia sahihi mkataba na shirika kwamba mateka wake watapimwa afya kila mwezi na mtu wa nje. Sista Ruth aliniambia niende, nitarudi nikiwa na akili zaidi au kidogo, lakini zangu mwenyewe.

Kabla ya kuondoka tulifundishwa siku mbili katika ukumbi wa kanisa Buruburu. Mwalimu wetu alikuwa mwanasheria, Wakili Halima, mwenye sauti ya chini hivi kwamba tulisogeza viti mbele. Alituambia mateka wa vita si mtu anayeadhibiwa. Amezuiliwa ili asirudi kupigana, basi. Akiwa ametenda uovu, kuna mahakama. Lakini njaa si hukumu, na kipigo si hukumu, hata kama aliyempiga amefiwa na ndugu zake wote. Alituambia sheria ya mataifa inataka mateka apimwe uzito angalau mara moja kwa mwezi na uandikwe. Tulicheka. Wanasheria wa dunia nzima walikutana, na jambo waliloona la kuandika ni kilo? Halima naye alicheka kidogo, kisha akasema: "Mtu anaweza kufundishwa kusema anakula vizuri. Uzito haufundishiki."

Mmoja wetu aliuliza kama sheria hiyo inahusu waasi, maana vita yenyewe ilikuwa ya wananchi kwa wananchi. Akasema wazi kwamba sheria ya mateka kwa ukamilifu wake ni ya vita baina ya nchi na nchi. Lakini hata katika vita ya ndani, akasema, kuna sakafu ambayo hakuna anayeruhusiwa kumshusha mtu chini yake: hauawi akiwa mikononi mwako, hateswi, hadhalilishwi. Na kwa kuwa serikali ile ilishakubali mizani kwa mkataba, mizani ilikuwa haki yao. Niliandika maneno hayo katika daftari dogo ambalo bado ninalo.

Kambi yenyewe ilikuwa shule ya zamani juu ya mlima wenye baridi kuliko Limuru. Mateka walikuwa ishirini na watatu, wote wamevaa makoti mazito ya jeshi yaliyochakaa, yanayofika magotini. Msimamizi alikuwa Kapteni mmoja mtaratibu, mwenye Kiswahili kizuri, aliyeomba kabla ya kunywa chai. Askari wake walizungumza lugha yao, Kiswahili hawakukijua. Niliweka mizani ya kusimamia sakafuni kwenye lililokuwa darasa, nikaikagua kwa mtungi wa maji, nikafungua daftari la safu tatu lenye karatasi ya kaboni: nakala ya juu ya shirika, ya chini ibaki kambini.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mwalimu Danieli. Waasi walimfanya karani wao, na alitekwa pamoja nao. Alikuwa na mvi na umri wa baba yangu. Nyuma yake walisimama askari wawili vijana wenye bunduki. Kwetu, mtoto wa kiume hamwambii rika la baba yake avue nguo, tena mbele ya vijana. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwambia, "Panda tu na koti, Mzee. Nitatoa kilo mbili." Mizani ikasoma hamsini na nane, nikaandika hamsini na sita. Wote ishirini na watatu niliwapima hivyo, kila mmoja kilo mbili za koti.

Jioni Kapteni alinisifu. Alisema naonekana nimelelewa na wazazi wacha Mungu, kwa kuwa sikuwavua wanaume wazima nguo. Nilifurahi. Nilimwandikia Sista Ruth barua kuhusu mlima na baridi. Ya koti sikumwandikia. Kama ningejiuliza kwa nini sikuandika, mambo yangeishia hapo.

Safari ya pili Mwalimu alikuwa hamsini na sita. Ya tatu, hamsini na sita. Ya nne, hivyo hivyo. Wote walisimama palepale kama picha. Lakini mashavu yao yalikuwa yakiingia ndani na walikuja kwenye mizani wakiburuta miguu. Mizani niliikagua tena kwa maji, ilikuwa sawa. Nikadhani ni maji ya mwilini, yale yanayovimbisha mtu mwenye njaa. Nikabonyeza miguu yao kwa kidole gumba, nikakuta mfupa. Niliwauliza kama wanakula. Walimtazama askari mlangoni, wakasema wanakula. Nami nikaandika namba, kwa sababu namba ilikuwepo na nilikuwa nimeisoma nikiwa nimesimama mbele yake sawasawa.

Safari ya tano walikuwa ishirini na wawili. Aliyekosekana alikuwa Yakobo, kijana mrefu aliyekuwa akinisalimia kwa kuinua nyusi. Kapteni aliniambia ni malaria. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimemwandika kilo hamsini na tano na neno "mzima".

Mwalimu Danieli aliingia wa kwanza kama kawaida. Alipanda, mshale ukasimama hamsini na nane, nami nikaanza kutoa kilo mbili. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya zamani, huku akitazama dirishani:

"Daktari, niliishi Kaloleni miaka miwili. Mtoto wetu wa kwanza alipimwa kliniki za huko. Sista alimvua mpaka kofia, mke wangu akanuna wiki nzima. Siku hizi Nairobi mnapima watu na nguo?"

Askari alimuuliza kitu kwa lugha yao. Mwalimu akajibu kwa tabasamu, na askari akatulia. Mimi sikutulia. Nilihisi masikio yananiwaka kama mtoto aliyeshikwa na Sista Ruth mwenyewe.

Nilimwambia yule koplo wa zamu, kwa ishara na maneno machache niliyokuwa nimejifunza, kwamba nataka kuangalia ngozi za wagonjwa, huenda wana upele. Hilo halikuwa uongo, kwa sababu kuangalia nilitaka. Nilitoa shuka kwenye mkoba wangu, nikalifunga kati ya dirisha na ubao wa kuandikia, nikamwingiza Mwalimu nyuma yake. Alifungua koti. Kiunoni alikuwa amefungwa mkanda wa gunia ulioshonwa mifuko, na ndani ya mifuko mlikuwa na mawe.

Aliniambia kwa kunong'ona. Walikuwa wakifungwa mikanda hiyo asubuhi ya kupimwa na kufunguliwa nikiondoka. Chakula kilikatwa nusu ili waseme silaha zilifichwa wapi, na kila mwezi mawe yaliongezwa. Mmoja aliyejaribu kunionyesha alipigwa hadi akapoteza meno. Nikamuuliza ilianza lini. Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonikata.

"Safari yako ya pili," akasema. "Ya kwanza waliona huvui watu makoti."

Nilimpima bila kitu, kilo arobaini na nane. Nikauweka mkanda juu ya mizani peke yake, kilo nane. Nikaita wa pili, na wa tatu. Nilikuwa nimefika wa kumi na moja, mikanda kumi na mmoja imelala kwenye mstari sakafuni, koplo alipochungulia nyuma ya shuka akakimbia kumwita Kapteni.

Kapteni hakupiga kelele. Alimwambia askari atoke, akaketi kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Alinieleza kwamba mdogo wake alikuwa dereva wa gari la maji, na bomu lililotegwa barabarani na watu hawa halikuacha kitu cha kuzika. Kwamba silaha nyingine bado zimefichwa mahali fulani, na kila siku wanayonyamaza kuna dereva mwingine. Nilimwambia pole kwa mdogo wake, na nilimaanisha. Kisha nikamwambia ambaye ametega bomu apelekwe mahakamani, na kwamba Yakobo hakuhukumiwa na mtu.

"Hawa ni waasi," akasema. "Sheria ya mateka haiwahusu."

"Isiyowahusu ni baadhi yake," nikasema. "Ya kutowatesa inamhusu kila mtu. Na ya mizani serikali yako imeiwekea sahihi."

Akachukua daftari langu, akalifungua polepole kama mtu anayetafuta wimbo kanisani. Akaweka kidole kwenye jina la Danieli.

"Mwezi jana, hamsini na sita. Sahihi yako. Mwezi juzi, hamsini na sita. Sahihi yako. Leo unataka kuandika arobaini na nane. Ama wewe ni mwongo leo, ama ulikuwa mwongo miezi mitatu. Ni nani atakayesoma daftari la mwongo, ndugu yangu? Andika kama kawaida. Mimi nitawaongezea chakula, polepole. Nakupa neno langu."

Nawaambia ukweli, vijana wangu, nililipima neno lile. Lilikuwa zuri. Chakula kingerudi, jina langu lingebaki safi, na mimi ningerudi kila mwezi kuhakikisha. Lakini nilikuwa nimeshakisia nguo, na baada ya nguo nilikisia watu, na mmoja wao alikuwa chini ya udongo akiwa na kilo hamsini na tano katika mwandiko wangu. Sasa nilikuwa naombwa nikisie na neno la Kapteni. Nilisali kwa maneno machache sana, hasa kwa sababu ya hofu.

Nikamwomba daftari. Nikamalizia kuwapima wale kumi na mmoja waliobaki, yeye akiwa ameketi palepale. Mbele ya kila jina niliandika namba mbili: uzito wa mtu, na uzito wa mawe. Kisha chini, kwa nguvu ili kaboni ishike, nikaandika hivi: "Vipimo vya safari ya pili, ya tatu na ya nne si vya kweli. Niliwapima watu na makoti yao, sikuwakagua. Kosa hilo ni langu. Mawe ni ya kambi." Mbele ya jina la Yakobo, kwa miezi yote mitatu, niliandika: "Sijui."

Kapteni alisoma. Nilitarajia achane ukurasa. Badala yake alitabasamu na kutia sahihi mahali pake, kama mkataba ulivyotaka. Alidhani nimejimaliza mwenyewe kwa mkono wangu, na nusu ya hilo ilikuwa kweli. Nilipokuwa nafunga mizani, Mwalimu Danieli alipita mlangoni na koti lake. Aliinua nyusi, kama Yakobo.

Shirika lilinirudisha Nairobi baada ya wiki mbili, likisema sikuwa mwangalifu katika kumbukumbu. Hilo nisingeweza kulikataa, maana nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe. Wakili Halima ndiye aliyekuja kunieleza yaliyofuata. Wakaguzi walienda na mizani yao bila taarifa, wakaikuta mikanda stoo. Mateka walihamishiwa mahali pengine. Watano walilazwa, na wawili kati yao hawakutoka hospitali wakiwa hai. Kapteni aliondolewa pale. Kama alihukumiwa, sikuambiwa. Nilimuuliza Halima ni kwa nini wakubwa waliliamini daftari la mtu aliyekiri uongo. Akasema watu wa serikali walikuwa wamejiandaa kubishana na mtu anayewashtaki wao. Hawakujua wabishane vipi na aliyeanza kwa kujishtaki.

Kisha akanipa kipande cha karatasi alichoombwa anifikishie. Kilikuwa na jina la Mwalimu Danieli, kilo hamsini na tatu, na pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ubao, maneno mawili: bila nguo. Sijapata habari zake tena. Kila nikiombea waliofungwa, huanza naye, halafu Yakobo, na Kapteni pia, ingawa huyo wa mwisho ilinichukua miaka kumtaja kwa jina.

Nilirudi Jericho na barua ya shirika mfukoni. Sista Ruth aliisoma yote, akaikunja.

"Uliandika mwenyewe kwamba ulikosea?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi anza na wale wa benchi la pili. Wamengoja tangu asubuhi."

Mengine mnayajua, maana mengine ni nyinyi. Nilimzika Sista Ruth, nikabeba jeneza lake upande wa kulia. Nilihamia kliniki yetu wakati Donholm bado ina viwanja vya mpira, na Pipeline bado ina anga, kabla ya maghorofa kuiziba. Mizani ya mshale iliondoka, ikaja hii ya betri inayolia kama simu. Nimewachosha kwa habari ya kuvua nguo, najua. Nilishasikia mkiniiga kwenye chumba cha chai: "Kofia pia! Kofia pia!" Mlifanya vizuri, ila sauti yangu si nyembamba hivyo.

Sikuwahi kuwaambia kisa hiki kwa sababu niliona aibu. Kilichonifanya nikiandike ni asubuhi moja ya Julai, wiki yangu ya mwisho. Mama mmoja kutoka Pipeline alikuwa amemleta binti wa miezi saba. Njoki alimvua, akampima. Uzito ulikuwa umeshuka. Mama akasema haiwezekani, mwezi jana mtoto alikuwa sawa, kadi inasema. Njoki akaitazama kadi. Nami nilijua ni nani aliyepima mwezi jana, kwa sababu kulikuwa na foleni mpaka barabarani na baridi ya kuumiza meno, na nilimwona Njoki kwa jicho la pembeni akimpitisha mtoto mmoja au wawili na blanketi. Ningepaswa kusema siku ile, na sikusema.

Angeweza kumwambia mama kwamba mizani ilikuwa mbovu. Foleni ilikuwa ndefu, na hakuna ambaye angeuliza. Nilisimama nyuma yake nikiwa na jambo la kusema mdomoni. Alikalia kiti, akaivuta kadi, akakata namba ya mwezi jana kwa mstari mmoja unaosomeka. Akamwambia yule mama kwamba mtoto alipimwa na nguo, kwamba amekuwa akipungua na tumechelewa kuona, na kwamba anaandikiwa aone daktari leo hii. Mama alimfokea, na alikuwa na haki. Njoki aliendelea kuandika kando ya namba aliyoikata: kipimo hiki si sahihi, kosa ni letu.

Niliinama nimwambie kwamba neno "letu" halitoshi, aweke jina lake. Alikuwa ameshaliandika.